Mbinu za Kushawishi katika Matini Zisizo za Kubuni na Muundo wa Insha: Mfano wa Matini Zilizoandikwa juu ya Maniema

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu ambayo kwa kawaida hufundishwa mbalimbali: aina za matini zisizo za kubuni, mbinu za kushawishi zinazotumika katika matini hizo, na muundo wa insha ya hoja. Dai letu ni kwamba mambo hayo matatu hayatenganiki. Mwandishi huchagua aina ya matini kwa sababu aina hiyo inampa njia fulani ya kuaminiwa. Mwanafunzi anayeandika insha juu ya matini hiyo hawezi kuipanga vizuri insha yake iwapo hajatambua kwanza njia hiyo ni ipi. Asipoitambua, insha yake hugeuka kuwa marudio ya matini aliyoisoma, na yeye mwenyewe hugeuka kuwa wakili wa mwandishi ambaye hakumwajiri.

Mifano yetu tumeitoa katika matini zilizoandikwa juu ya Maniema, jimbo ambalo makao yake makuu ni mji wa Kindu, kando ya mto Lualaba, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kusini ya Kindu, ukiufuata mto huo kuelekea unakotoka, kuna Nyangwe na Kasongo, miji miwili iliyokuwa vituo vikubwa vya biashara ya pembe na ya watumwa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Miji hiyo imeandikwa katika shajara, katika vitabu vya safari, katika tawasifu na katika kumbukumbu za vita. Waandishi tutakaowataja hapa, yaani David Livingstone, Henry Morton Stanley, Hamed bin Muhammed el Murjebi aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, na Sidney Langford Hinde, hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa Maniema. Kila mmoja alikuwa na jambo la kutetea. Hata hivyo, ni kwa maandishi yao kwamba sehemu kubwa ya historia ya Maniema inasomwa mpaka leo, hata na Wamaniema wenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kulizungumzia suala hili katika mazingira ya Kindu. Katiba ya 18 Februari 2006 inaitambua lugha ya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kiluba (Tshiluba) kuwa lugha za taifa. Mwanafunzi wa sekondari huandika insha yake ya Mtihani wa Taifa kwa Kifaransa, ilhali mjadala wenyewe, nyumbani, sokoni na mara nyingi hata nje ya mlango wa darasa, huendeshwa kwa Kiswahili. Kutokana na hali hiyo wengi wamekuja kudhani kuwa kupanga hoja ni ufundi wa Kifaransa, na kwamba kazi ya Kiswahili ni kusimulia tu. Tutajaribu kuonyesha kuwa dhana hiyo haina msingi, ingawa ndani yake mna onyo moja linalostahili kuzingatiwa.

2.0 Aina za Matini Zisizo za Kubuni

Matini zisizo za kubuni zinaweza kuainishwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza huangalia kusudi. Kwa njia hii tunapata matini simulizi, zinazoeleza mfululizo wa matukio. Matini za kuchora sura ya mahali, mtu au kitu. Matini fafanuzi, zinazoeleza jinsi jambo lilivyo na sababu zake. Matini elekezi, zinazofundisha namna ya kutenda. Na matini za hoja, zinazokusudia kumfanya msomaji akubali dai fulani. Njia ya pili huangalia umbo ambalo jamii imelizoea: barua, shajara, tawasifu, wasifu, ripoti, hotuba, tahariri, kitabu cha safari, mkataba na kadhalika.

Kosa linalojitokeza mara kwa mara ni kudhani kuwa umbo hutosha kutujulisha kusudi. Tunaona tarehe juu ya ukurasa, tunasema hii ni shajara, na kwa hiyo ni simulizi tu. Tunaona takwimu, tunasema hii ni ripoti, na kwa hiyo ni ufafanuzi tu. Ukweli ni kwamba kusudi la kushawishi linaweza kukaa ndani ya umbo lolote, na mara nyingi hukaa kwa raha zaidi mahali ambapo halitarajiwi. Hotuba ya mwanasiasa haimdanganyi mtu kuhusu kusudi lake. Wasikilizaji wote wanajua kuwa anaomba kura. Shajara haiombi kitu, na kwa sababu hiyo hupewa.

Ni vyema tuseme kuwa kila umbo lina ahadi yake kwa msomaji. Shajara inaahidi kwamba mambo yameandikwa yangali mabichi, kabla mwandishi hajapata muda wa kuyapamba. Tawasifu inaahidi kwamba anayesema alikuwapo. Ripoti inaahidi kwamba nafsi ya mwandishi imewekwa kando. Barua inaahidi ukaribu. Ahadi hizi ndizo mbinu za kwanza za kushawishi, nazo hufanya kazi kabla msomaji hajasoma sentensi hata moja.

3.0 Mbinu za Kushawishi

Tangu enzi ya Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, wataalamu wamezoea kuzigawa mbinu za kushawishi katika mafungu matatu: zile zinazotegemea sifa ya msemaji, zile zinazoamsha hisia za wasikilizaji, na zile zinazotegemea nguvu ya hoja yenyewe. Kiswahili nacho kimerithi kutoka katika taaluma ya Kiarabu neno balagha, ambalo hutaja ufasaha unaolenga kumgusa na kumvuta msikilizaji. Ndiyo maana tunasema swali la balagha kwa swali lisilohitaji jibu. Chini ya mafungu hayo matatu kuna mbinu ndogondogo: takriri, tashbihi, kejeli, utajaji wa idadi, uteuzi wa jina la kumwita mtu, na ukimya, yaani kuliacha jambo bila kulitaja. Sasa tuone jinsi mbinu hizi zinavyofanya kazi katika matini nne.

3.1 Nasaba kama hoja: tawasifu ya Tippu Tip

Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Heinrich Brode, afisa wa ubalozi wa Ujerumani, aliyageuza kuwa hati za Kirumi na kuyachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani katika jarida la chuo cha lugha za Mashariki cha Berlin, miaka ya 1902 na 1903. W. H. Whiteley alitoa matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1958 na 1959, na François Bontinck alitoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi mwaka 1974. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kindu anaweza kuisoma kwa lugha zake zote mbili za masomo.

Sehemu inayotuhusu ni ile ya kuingia kwake katika nchi ya Utetela, iliyotawaliwa na mzee aliyeitwa Kasongo Rushie (jina hili lisichanganywe na mji wa Kasongo). Tippu Tip hakuingia kwa bunduki peke yake. Alitoa dai la nasaba: kwamba yeye ni wa damu moja na mtawala yule kupitia kwa mwanamke wa ukoo wake aliyetekwa zamani na kupelekwa mbali. Dai hilo lilikubaliwa, na kwa mujibu wa masimulizi yake mzee yule akamwachia mamlaka, na pembe za nchi zikaanza kuletwa kwake. Wanahistoria wengi wameichukulia nasaba hiyo kuwa ni hila.

Msomaji na azingatie kuwa hapa kuna ushawishi wa ngazi mbili. Katika ngazi ya kwanza, mfanyabiashara anamshawishi mtawala. Mbinu yake ni ya sifa ya msemaji: hasemi kuwa ana nguvu, wala hasemi kuwa ana mali, anasema kuwa ni jamaa. Anatumia pia hisia, kwani habari ya binti aliyetekwa ni jeraha la ukoo, na anayerudi kwa jina lake huponya jeraha hilo. Hoja yenyewe haikuhitaji ushahidi mwingi, maana wasikilizaji walikuwa na haja ya kuiamini.

Katika ngazi ya pili, msimulizi anatushawishi sisi. Na hapa mbinu yake kubwa ni ya kisarufi. Masimulizi yake huenda kwa kiambishi -ka-: mtu akaja, akasema, tukaondoka, tukafika. Kiambishi hiki ni johari ya simulizi ya Kiswahili. Huunganisha tendo na tendo kama shanga katika uzi. Lakini -ka- haisemi kwa nini. Huweka tendo la pili baada ya la kwanza, na kumwachia msomaji adhani kuwa la pili limezaliwa na la kwanza. Tukisema kwa mfano wetu wenyewe, "Wakakataa kuuza, tukapigana, tukachukua pembe", tumesimulia matendo matatu bila kutaja haki wala kosa. Vita vinaonekana kama mvua iliyofuata mawingu. Msimulizi hakujitetea, na kwa kuwa hakujitetea, msomaji hapati mahali pa kumshtaki.

3.2 Shajara yenye nakala mbili: Livingstone huko Nyangwe

Livingstone alifika Nyangwe mwezi Machi 1871, akakaa hapo miezi kadhaa akingojea mitumbwi ya kuvukia Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara waliokuwa pale walifyatua bunduki katikati ya umati, ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa wa wanawake. Wengi waliuawa kwa risasi na wengi zaidi walizama mtoni wakikimbia. Livingstone aliandika kwamba makadirio ya wafanyabiashara wenyewe yalikuwa kati ya watu 330 na 400 waliopoteza maisha.

Habari hiyo ilipofika Uingereza mwaka 1872 ilizidisha shinikizo dhidi ya biashara ya watumwa. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Hatusemi kuwa shajara peke yake ilileta mkataba. Tunasema kuwa ilikuwa miongoni mwa matini zilizotumika kama hoja. Nguvu yake ilitokana na mbinu tatu. Kwanza, ushahidi wa macho: aliyeandika alikuwapo. Pili, idadi, tena idadi iliyotolewa na upande wa watendaji, jambo linaloifanya iaminike zaidi. Tatu, uteuzi wa mahali: soko ni pahali pa amani, na damu iliyomwagika sokoni humuuma hata msomaji asiyejua Nyangwe iko wapi.

Lakini ni shajara ipi? Kitabu kilichosomwa na wengi kilitolewa mwaka 1874, baada ya kifo cha Livingstone, chini ya uhariri wa Horace Waller, kutokana na nakala safi ambayo Livingstone mwenyewe aliiandika upya baadaye. Maandishi ya siku zile zile aliyaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Uingereza, kwa wino aliojitengenezea kwa mbegu za mmea wa huko, kwa kuwa karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Wino huo ulififia hata yakawa hayasomeki. Mwaka 2011 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Adrian Wisnicki kilichapisha maandishi hayo baada ya kuyapiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali. Ulinganisho ulidhihirisha tofauti za maana kati ya nakala hizo mbili, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe.

Funzo ni wazi. Ahadi ya shajara ni ubichi wa habari. Kumbe shajara iliyoushawishi ulimwengu ilikuwa imeshapikwa. Hili haliyafuti mauaji ya Nyangwe, ambayo ni tukio la kweli. Linatufundisha tu kuwa hata shahidi mwema huhariri.

3.3 Mkataba na malalamiko: Stanley

Stanley alifika Nyangwe mwaka 1876 akifuatana na Tippu Tip, baada ya kuafikiana naye kuwa amsindikize kwa vituo 60 kwa malipo ya dola 5,000, kama anavyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1878. Waliachana mwishoni mwa Desemba 1876, kabla ya vituo hivyo kutimia. Stanley anaeleza kuwa mwenzake alichoka na kutaka kurudi. Tippu Tip naye analalamika katika tawasifu yake kuwa ahadi alizopewa hazikutimizwa.

Hapa tuna tukio moja katika matini mbili, kila moja ikidai haki. Stanley anatumia lugha ya mkataba: masharti, idadi ya vituo, saa za mwendo, fedha. Hii ni mbinu ya kujivika vazi la hoja. Palipo na tarakimu msomaji hudhani pana uadilifu. Tippu Tip anatumia lugha ya heshima: mtu aliahidi, na mtu huyo hakutimiza. Msomaji aliyelelewa katika desturi za biashara ya mwambao huelewa mara moja uzito wa shtaka hilo, kwani katika biashara ya mkopo jina la mtu ndilo dhamana yake. Kila mmoja alichagua mbinu kulingana na wasomaji wake. Kwa hiyo swali la mwanafunzi lisiwe tu "Nani anasema kweli?", bali pia "Kila mmoja alikuwa akizungumza na nani?"

3.4 Jina kama hukumu: Hinde

Hinde alikuwa daktari wa Kiingereza katika jeshi la Dola Huru ya Kongo, dola ya Mfalme Leopold II. Alishiriki katika vita vya 1892 hadi 1894, ambamo jeshi chini ya Francis Dhanis liliiteka Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo mwezi Aprili mwaka huo huo. Kitabu chake cha 1897 kina anwani inayotangaza kuanguka kwa Waarabu wa Kongo. Anwani hiyo ni hoja kamili. Ukisema "Waarabu", umesema wageni. Ukisema wageni wameanguka, umedokeza kuwa nchi imekombolewa. Hali halisi ilikuwa na mchanganyiko mkubwa zaidi. Wengi waliopigana upande wa "Waarabu" walikuwa Waafrika, wakiwamo waungwana wa Kiislamu waliozaliwa bara; na upande wa Dola ulisaidiwa na wapiganaji wa Ngongo Lutete, ambaye kabla ya hapo alikuwa chini ya Tippu Tip, na ambaye Dola hiyo hiyo ilimuua kwa kumpiga risasi mwezi Septemba 1893.

Katika matini ya namna hii jina moja tu linabeba hukumu ambayo aya kumi za hoja zisingeweza kuithibitisha. Ndiyo sababu tunashauri kuwa uchambuzi wa matini yoyote ya historia uanze na orodha ya majina: nani anaitwa nani, na nani haitwi kwa jina lolote.

4.0 Muundo wa Insha ya Hoja

Sasa tuje kwenye kazi ya mwanafunzi. Tuchukue swali lifuatalo kuwa mfano: "Je, matini za karne ya 19 zinaweza kutegemewa kuwa ushahidi wa historia ya Maniema?"

4.1 Mapokeo mawili

Katika shule za Kenya na Tanzania insha hufundishwa kuwa na utangulizi, kiini na hitimisho, ambapo mwandishi hutoa msimamo wake mapema na kuutetea. Katika shule za Kongo, kufuatana na mapokeo ya Kifaransa, insha hupangwa mara nyingi kwa dai, dai kinzani na upatanisho wa madai hayo. Mpango wa kwanza una hatari ya kugeuka kuwa orodha: sababu ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila pingamizi kusikilizwa. Mpango wa pili una hatari ya kugeuka kuwa mizani isiyoegemea popote: upande huu una haki, upande ule una haki, na mwishoni mwandishi anasema kuwa ukweli uko katikati. Mara nyingi ukweli hauko katikati. Baina ya risasi na mwanamke aliyekuwa sokoni hapana katikati. Upatanisho wa kweli hauchanganyi nusu ya dai na nusu ya kinyume chake. Hutafuta kigezo kipya kinachoeleza kwa nini kila upande uliona ulichokiona.

4.2 Dai lenye kigezo

Kwa swali letu, jibu la "ndiyo" halitoshi, na la "hapana" halitoshi. Mwanafunzi anaweza kutoa dai hili: matini hizi zinategemeka zaidi pale mwandishi anaposema jambo lisilomnufaisha. Dai hili lina faida tatu. Linaweza kupingwa, na kwa hiyo ni dai kweli, si tamko tupu. Lina kigezo, yaani manufaa ya mwandishi, kinachoweza kutumika kwa matini zote nne. Tena linaipa insha mpangilio wake, kwani kila aya itauliza swali lile lile kwa matini nyingine.

4.3 Ujenzi wa aya

Aya ya hoja ina viungo vinne: dai dogo, ushahidi, ufafanuzi wa ushahidi, na kiunganishi kinachoirudisha aya kwenye dai kuu. Tutoe mfano tuliojiandikia:

"Maelezo ya Livingstone juu ya mauaji ya Nyangwe yanastahili kupewa uzito katika jambo moja hasa, yaani idadi ya waliokufa. Yeye mwenyewe anaeleza kuwa idadi hiyo ilitokana na makadirio ya wafanyabiashara. Kwa kuwa wafanyabiashara hao hawakuwa na sababu ya kuzidisha hesabu ya watu waliouawa na wenzao, ni vigumu kudhani kuwa idadi ilikuzwa kwa makusudi. Kinyume chake, pale Livingstone anapozungumzia watu wa msafara wake, ulinganisho wa nakala zake mbili unatutaka tuwe na hadhari, maana hapo jina lake mwenyewe lilikuwa hatarini. Kwa hiyo shajara moja inaweza kutegemewa katika jambo moja na kutiliwa shaka katika jingine."

Mwanafunzi na aangalie maneno yanayoibeba aya hii: kwa kuwa, kinyume chake, maana, kwa hiyo. Hapa ndipo lilipo lile onyo tulilolidokeza katika utangulizi. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa kusimulia, na kiambishi -ka- humvuta mwandishi bila yeye kujua. Insha nyingi zinazoanza na swali la hoja huishia kuwa simulizi: Tippu Tip akaja, akajenga, Wabelgiji wakaja, wakapigana. Mwandishi amejaza kurasa nne na hajajibu swali. Kipimo chepesi ni kuchukua kalamu nyekundu na kuzungushia kila -ka- katika insha, kisha kuzungushia kwa kalamu nyingine kila ingawa, ilhali, kwa sababu, hata hivyo na kwa hiyo. Zikizidi za kwanza kwa mbali, insha imesimulia. Hilo si upungufu wa lugha, kwani viunganishi vyote hivyo ni vya Kiswahili na vinatumika kila siku barazani pale watu wanapobishana juu ya mahari au mpaka wa shamba. Ni upungufu wa mazoezi ya kuandika tu.

4.4 Pingamizi

Insha yenye nguvu huleta pingamizi lililo bora, si lile dhaifu. Dhidi ya dai letu mtu anaweza kusema: mwandishi mjanja anaweza kukiri jambo dogo linalomdhuru ili aaminiwe katika jambo kubwa linalomfaa. Pingamizi hili ni zito, na tawasifu ya Tippu Tip inalipa mashiko, kwani uwazi wake katika kusimulia ujanja wake humfanya msomaji amwamini katika mengine. Jibu si kulikataa pingamizi, bali ni kulipunguza dai: kukiri jambo lisilonufaisha ni dalili ya ukweli wa jambo lile lile lililokiriwa, wala si cheti cha uaminifu kwa kitabu kizima. Dai lililopunguzwa namna hii ni dogo kuliko lilivyokuwa, lakini limekuwa gumu zaidi kuliangusha.

4.5 Hitimisho

Hitimisho halirudii utangulizi kwa maneno mengine. Kazi yake ni kueleza kinachofuata iwapo dai limekubaliwa. Kwa mfano wetu, iwapo matini zinategemeka katika sehemu na si kwa ujumla wake, basi inafuata kuwa hakuna matini moja inayoweza kusomeshwa peke yake, na kwamba mahali ambapo waandishi wote wananyamaza panahitaji ushahidi wa aina nyingine.

5.0 Sauti Zisizomo

Ukimya huo ndio suala la mwisho la makala haya. Wanawake wa soko la Nyangwe wametajwa na Livingstone, lakini hakuna matini ya wakati ule iliyotoka kinywani mwao. Mzee Kasongo Rushie anasema kwa kinywa cha Tippu Tip. Watetela na Wakusu waliopigana pande zote mbili wamehesabiwa kama askari na wapagazi, si kama mashahidi. Mbinu ya kushawishi iliyo kubwa kuliko zote ni hii ya kuwa peke yako uliyeandika.

Kwamba hali hiyo inaweza kubadilika kunathibitishwa na mfano kutoka kusini. Mwaka 1965, huko Élisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu 1966, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji huo historia iliyosimuliwa kwa macho ya watumishi wa nyumbani na wafanyakazi. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990. Haikuandikwa kwa Kiswahili sanifu, wala haikufuata muundo wa insha wa mapokeo yoyote kati ya yale mawili tuliyoyataja. Lakini ina dai, ina ushahidi, na inawaita waajiri wa Kibelgiji kwa majina waliyopewa na wafanyakazi wao. Ni matini isiyo ya kubuni, nayo pia inashawishi. Isomwe kwa hadhari ile ile tuliyoitumia kwa Livingstone na Stanley.

Tunapendekeza basi kwamba mafunzo ya insha katika vyuo vya Kindu na kwingineko yaunganishwe na ukusanyaji wa masimulizi ya wazee wa Kasongo, Nyangwe na vijiji vya kandokando ya Lualaba. Mwanafunzi ayaandike masimulizi hayo kama yalivyosemwa, na -ka- zake zote. Kisha, katika karatasi nyingine, aandike insha ya hoja juu yake: mzee huyu anadai nini, anajenga sifa yake kwa njia gani, anamwita nani kwa jina gani, na ni jambo gani amelisema ingawa halimnufaishi. Kazi hiyo haihitaji maktaba kubwa. Inahitaji daftari mbili, subira, na mwalimu atakayezisahihisha zote mbili kwa vipimo tofauti.